Mahindi ya Kuaga

Lubumbashi, Kampemba
Jumapili, baada ya misa ya pili

Kwako Yaya Feza, dada yangu mkubwa,

Nakupigia magoti kabla ya kukusalimu, maana najua salamu zangu kwa sasa hazina pa kukaa nyumbani mwako. Habari za mwili? Habari za mgongo ule uliokuwa unakusumbua tangu ulipoanza kumgeuza Baba kitandani? Shemeji Kisimba aliniambia kwamba hata baada ya watu wa matanga kurudi makwao, wewe bado unaamka alfajiri na kuweka uji jikoni, halafu unakumbuka. Yaya, nilipoambiwa hilo nilitoka nje nikasimama tu.

Mimi ni mzima wa mwili. Sikohoi, sina homa, chakula kinapita. Yaliyobaki ndiyo niliyokalia leo kuyaandika.

Simu zangu umezikata mpaka nimechoka kupiga. Sikulaumu. Hata ule ujumbe wa sauti, Shemeji anasema ukisikia tu "Yaya, ni mimi" unauzima. Basi nikasema, karatasi haizimwi. Mama Aline, jirani yangu anayeuza samaki wakavu hapa sokoni Kampemba, anapanda treni kwenda huko Kabalo kuchukua mzigo wake, ndiye atakayekupa barua hii mkononi. Ukitaka kuichana, ichane, lakini mpe kwanza Shemeji aisome.

Utaona naandika Kiswahili cha padri. Ndivyo masista walivyotufundisha: barua iwe ya Kiswahili safi, kile cha mdomo kibaki mdomoni. Wewe mwenyewe ndiye uliyekuwa unanipiga makofi ya kisogo nikiandika "mutoto". Sitaki useme hata barua ya kuomba radhi Banza ameiandika vibaya.

Naanza na neno lenyewe, nisije nikazunguka kama nilivyozoea. Nilikudanganya. Treni ya Jumatano ile haikuharibika. Ilitoka vizuri kabisa, saa nane mchana. Tiketi ilikuwa mfukoni mwangu, begi begani, na ndani ya begi nilikuwa nimemwekea Baba shati jipya la mikono mirefu kwa sababu ulisema anasikia baridi hata jua likiwaka. Sikupanda. Hayo unayajua tayari, kwa kuwa yule mwalimu jirani yenu alishuka kwenye treni hiyohiyo Jumamosi, ukamuuliza, akakuambia. Usichokijua ni kwa nini. Watu huko wanasema nilichagua mnyama nikamwacha mzazi. Nisikilize mpaka mwisho, halafu useme wewe kama ndivyo. Mimi mwenyewe bado sijapata jibu.

Kazi yangu unaijua kwa jina tu. Baba alikuwa ananiita "Bwana Farasi" na nyote mnacheka, basi inaishia hapo. Ngoja nikueleze, maana bila hiyo hutaelewa lolote. Zizi letu liko upande wa Luano, ndege zikishuka zinapita juu ya paa mpaka unaona magurudumu. Mwenyewe ni Mama Odile, mjane, anayefundisha watoto wa mjini kupanda farasi. Farasi ni tisa. Wanaume wa kazi ni wawili: mimi ninayewalisha na kuwatunza, na Kalenga anayetengeneza kwato na kupiga viatu vya chuma.

Kila asubuhi, kabla ya chakula, napita kwa kila mmoja. Natazama kama alikula majani ya jana. Natazama mavi yake, ndiyo, usicheke, mavi ya farasi yanasema mengi kuliko daktari. Nainua mdomo naangalia ufizi kama ni mwekundu au umepauka. Nainua miguu minne, nakwangua tope kwenye kwato, kwa sababu msimu huu wa mvua tope likikaa siku mbili linaoza na kunuka. Napapasa chini ya mkia na nyuma ya masikio kutafuta kupe. Jioni, jua likiwa bado halijazama, lazima wote wawe ndani, kwa sababu kuna vijidudu vya jioni vinavyoleta ugonjwa wa mapafu, na farasi akiupata anaweza kuwa mzima asubuhi na jioni akawa anatoa povu puani. Niliwahi kumwona mmoja hivyo. Sitaki kumwona wa pili.

Na kubwa kuliko yote ni tumbo. Farasi ni mnyama mkubwa mwenye tumbo la kitoto, na hawezi kutapika. Mungu hakumpa njia hiyo. Kikishaingia kimeingia. Kwa hiyo chakula chake kinapimwa: majani makavu kwa wingi, pumba kidogo, na mahindi kwa kikombe, tena kwa yule anayefanya kazi tu. Stoo ya mahindi ina kufuli na ufunguo ni mmoja, unakaa shingoni mwangu. Miaka kumi na moja umekaa shingoni mwangu.

Sasa, kulikuwa na farasi jike mmoja, mwekundu, mzee kidogo, jina lake Bijou. Mtoto yeyote anayeanza kujifunza anawekwa juu ya Bijou, kwa kuwa hana haraka wala hasira. Mtoto akianza kuteleza, Bijou anasimama mwenyewe na kungoja. Mwanzo wa mvua alipata homa ya kupe. Ufizi ukawa wa njano, mkojo ukawa mweusi kama kahawa, akasimama kichwa kimeshuka mpaka magotini. Docta Monga, daktari wetu wa wanyama, alimpiga sindano siku kwa siku na akapona, ila alibaki mifupa. Mbavu unaweza kuzihesabu ukiwa barabarani. Docta akaniambia mbele ya Kalenga, "Banza, majani, maji, na pumba kidogo. Mahindi, hapana. Tumbo yake iko bado zaifu. Atanona polepole." Nikasema sawa. Nilielewa kabisa.

Na ni siku hizohizo ndipo Baba alipoanza kukataa chakula.

Unakumbuka, ulikuwa unanipigia saa sita mchana, ukishamlisha. Mimi wakati huo nakuwa zizini, kwenye kivuli cha ukuta, karibu na Bijou. "Leo alimeza vijiko viwili." "Leo kimoja." "Leo amekatala, alifunga mdomo kama mutoto." Na mimi nasema, "Jaribu tena jioni, Yaya." Neno la bure kabisa. Wewe uko na kijiko mkononi, mimi niko mbali na ninakupa ushauri. Nikikata simu, nageuka, naona mbavu za yule farasi.

Kuna kitu hukijui. Jumapili ile uliyoweka simu sikioni pa Baba ukatoka kwenda kuchota maji, aliniongelesha. Sauti ilikuwa ndogo lakini ilikuwa yake. Hakuniuliza nakuja lini. Aliniuliza, "Ile farasi yako mugonjwa, inakula?" Nikasema, "Inakula, Baba. Inakula sana." Nikasikia anapumua, akasema, "Basi na miye nitakula kesho."

Yaya, Jumatatu yake ulinipigia ukiwa unacheka kwa furaha. Alikuwa amekula. Bukari kidogo na mchuzi wa samaki, na akaomba maji. Ulisema ni maombi ya Mama mdogo Numbi. Mimi moyoni nilijua ni nini. Mchana huo nilifungua stoo nikampa Bijou kiganja cha mahindi. Kesho yake viwili. Niseme nini? Nilikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na miwili, Mkristo, na nilikuwa nimeamini kwamba farasi akila Lubumbashi, Baba atakula Kabalo. Ukisema Baba leo amekataa, naongeza. Ukisema amekula, naongeza ili aendelee. Bijou aliyavumilia kwa sababu yalikuwa machache. Tena alianza kujaa shingo, na Docta alipopita alisema, "Unaona, majani tu," na mimi nikanyamaza.

Halafu ikaja ile Jumatatu nyingine, uliponiambia Baba anaita jina langu, nipande treni ya Jumatano nisingoje. Mama Odile alinipa ruhusa palepale. Jumanne nilikwenda kuaga zizi.

Unakumbuka Baba alivyokuwa anaondoka, bado akiwa dereva wa treni? Siku ya safari, hata kama ni asubuhi, Mama anasonga bukari ya sufuria kubwa, na Baba mwenyewe hagusi tonge. Anasimama mlangoni, kofia ya kazi kichwani, anatutazama. "Kuleni. Minaenda, sitaki kuacha njaa nyuma yangu." Haondoki mpaka kila mmoja ameonesha tumbo. Na wewe unavuta pumzi unajaza hewa, na yeye anakubonyeza tumboni kwa kidole, "Feza, hiyo ni hewa, rudia kula." Nyumba nyingine za reli hazikuwa na desturi hiyo. Ilikuwa yetu.

Basi Jumanne mchana nilifungua stoo. Sikuchukua kiganja. Nilichukua beseni, lile la bluu la kufulia, nikalijaza mahindi makavu mpaka juu, nikaliweka mbele ya Bijou. Nikasimama kwenye mlango wake, begi bado sijalifunga nyumbani, nikamtazama akila. Na nilisema, kwa sauti, "Kula. Minaenda, sitaki kuacha njaa nyuma yangu." Nikacheka peke yangu. Nilifurahi, Yaya. Siku nyingi sikuwa nimefurahi namna ile. Alilamba mpaka sakafu ya beseni, nikamfuta pua.

Kama ningemkuta kibarua mgeni anafanya vile ningemfukuza kazi bila kumwacha achukue viatu vyake.

Jumatano asubuhi nilipitia zizini nikiwa na begi, nimuone kabla ya kwenda stesheni. Nilijua kutoka mlangoni. Alikuwa amesimama miguu ya mbele ameitupa mbele, mwili wote ameuegemeza nyuma, kama anayekataa kuvutwa. Jasho linamtiririka. Nikagusa kwato zake za mbele: moto. Juu ya kwato, pale mshipa unapopita, mapigo yalikuwa yanagonga vidole vyangu. Nilimwita kwa jina, akataka kuja, akainua mguu mmoja, akaurudisha palepale. Alinikodolea macho tu.

Ugonjwa huu unaingilia tumboni na kutokea miguuni. Mahindi mengi yanachacha ndani, sumu inaingia kwenye damu, inashuka mpaka kwenye kwato. Ndani ya ukwato kuna mfupa, umeshikwa na nyama laini pande zote. Ile nyama inavimba na hakuna nafasi ya kuvimba, ikafa, ikauachia mfupa. Farasi mzima, uzito wote ule, anabaki amesimama juu ya mfupa usioshikwa na kitu.

Docta alifika baada ya saa moja. Alimtazama, akaniuliza, "Alikula nini?"

"Mahindi."

"Mingi?"

"Beseni."

"Ni nani alimupa?"

"Ni miye."

Alivua miwani, akaifuta kwenye shati, akaivaa tena. "Wewe?" alisema. "Wewe, Banza?" Alimwingiza Bijou mpira puani mpaka tumboni, akammiminia mafuta yasafishe kilichobaki, akampiga sindano ya maumivu. Akasema miguu imwagiwe maji baridi bila kupumzika, siku mbili, siku tatu, na asitembezwe hata hatua moja.

Mama Odile alikuwa amesimama nyuma yetu. Hakunigombeza. Kama angenigombeza ningepata mahali pa kushika. Alisema tu, "Banza, treni yako haiko leo? Enda kwa baba yako. Siye tutabakia na Docta."

Na mimi nikamjibu, "Haitoke leo, Madame. Iliharibika."

Neno hilo lilitoka lenyewe. Sikulipanga. Hakuna aliyenishika mkono, Yaya, hakuna aliyeniambia nikiondoka nimepoteza kazi. Nilifunguliwa mlango nikaufunga mwenyewe. Kisha, kwa kuwa nimeshalisema kwake, nilikwenda nyuma ya ukuta nikakupigia wewe, nikakuambia lilelile. Ulisema, "Ee Mungu wangu, sasa Baba nitamwambia nini?" Nikasema, "Mwambie nakuja."

Kalenga alijua. Kaka yake anafanya kazi stesheni. Saa tisa alikuja na ndoo, akainama karibu nami, akasema polepole, "Treni ilitoka, Banza. Miye najua."

"Nyamaza."

"Kuko malori inaenda Kamina, njia ya kwenu. Baba ni baba. Hii farasi iko na bantu ya kuichunga."

"Kesho," nikamwambia.

Alhamisi akaniuliza tena, nikasema kesho. Ijumaa hakuuliza.

Nilimwaga maji. Sina habari nyingine ya siku zile. Ndoo kutoka kisimani, mguu wa kulia, mguu wa kushoto, ndoo tena. Tulimtandikia mchanga na majani mengi ili alale, maana akilala miguu inapumzika. Ijumaa mchana alilala, akala majani kidogo mkononi mwangu, na mapigo ya juu ya kwato yalipungua. Docta alisema labda. Yaya, nilishika hilo labda kwa mikono miwili. Nilisema moyoni, akiinuka huyu, na Baba atainuka, nitakuja Kabalo nimkute amekaa kwenye kiti chake ananiita Bwana Farasi. Ndiyo. Bado nilikuwa kwenye ujinga uleule.

Jumamosi ukanipigia. "Mwalimu ameshuka treni leo. Anasema ilitoka Jumatano. Wewe uko wapi, Banza?" Nilisema "Yaya," basi. Ulingoja. Najua ulingoja, nilisikia kuku wa kwenu wanalia nyuma yako. Halafu ukakata, na tangu siku hiyo sijasikia sauti yako.

Jumatatu alinipigia Shemeji. Aliniambia niketi chini kwanza. Sikuketi. Akasema Baba ameondoka alfajiri, umemshika wewe. Nikasema aksanti, Shemeji. Nikaweka simu mfukoni. Ndoo ilikuwa imejaa mbele yangu, nikaimwaga kwenye miguu ya farasi, nikaenda kuchota nyingine. Nikaendelea hivyo mpaka Kalenga alipokuja kunipokonya ndoo, ndipo nilipolia. Nililia vibaya, Yaya, watoto waliokuja kwa somo wakarudishwa makwao.

Ni siku hiyo Kalenga alimwambia Mama Odile yote. Alikuja akageuza ndoo tupu akaikalia, yule mama ambaye hajawahi kukaa mbele yetu. "Ulinidanganya ili nikuachie ubakie na farasi yangu," alisema. "Sasa miye nitamuambia Mungu nini?" Sikuwa nimefikiri kwamba na yeye nimembebesha.

Bijou hakupona. Alhamisi iliyofuata Docta aliinua mguu, akautazama chini, akaniita nitazame. Mfupa ulikuwa umetoboa ukwato. Hapo hakuna dawa. Docta aliuliza nani atamshika kichwa, nikasema mimi. Nilimkumbatia kichwa, nikamfunika jicho kwa kiganja, sindano ikaingia shingoni, nikausikia uzito wake wote unashuka juu ya bega langu mpaka nikapiga magoti pamoja naye. Na wakati nimemshika vile, wala simfikirii yeye. Nafikiria kwamba kuna kichwa kingine nilipaswa kukishika, na wewe ulikishika peke yako.

Tulimzika nyuma ya uzio, kwa sababu nyama yenye dawa ile ni sumu na majirani walikuwa wameshaanza kuja na visu. Shimo la farasi si mchezo. Mimi na Kalenga tulichimba tangu asubuhi mpaka jua likainama, ardhi nyekundu, nzito ya mvua. Udongo wa Baba sikuushika hata kiganja kimoja. Wa farasi niliushika siku nzima.

Umeniuliza kupitia kwa Shemeji kama sina haya. Ninayo. Nikikuambia nilibaki kwa sababu ya kosa langu, kwamba mtu aliyemharibu mnyama hawezi kumwachia mwingine maumivu yake, utasema ni neno zuri. Ni kweli, lakini ni nusu. Nusu nyingine ni hii. Kwa Bijou kulikuwa na kazi. Kuna maji ya kuchota, kuna mguu wa kumwagia, kuna labda ya Docta. Kabalo ningefika, ningekaa kando ya kitanda, na Baba angefunga mdomo mbele yangu mimi. Kijiko changu kingekataliwa. Niliogopa, Yaya. Nilimwogopa Baba yangu asiyekula. Nikajificha nyuma ya farasi. Wewe hukuwa na pa kujificha, na hukutafuta.

Hilo ndilo nililotaka ulijue kutoka mkononi mwangu. Ukisema nimemchagua mnyama, nitainamisha kichwa. Ila ujue sikumchagua kwa sababu nilimpenda kuliko Baba. Nilipompa lile beseni, macho yangu yalikuwa yanamwona Baba.

Bado niko kazini. Mama Odile hakunifukuza. Ufunguo wa stoo niliuvua nikampa Kalenga, naye kila asubuhi ananipimia mahindi ya farasi kwa kikombe, kama mgeni. Wanane waliobaki ni wazima. Mmoja alikuwa na jipu ndani ya ukwato, tumelifungua, usaha umetoka, anakanyaga. Mwingine anakohoa, tunamlowanishia majani yake kwa sababu ya vumbi. Ndivyo siku zinavyopita hapa.

Shemeji aliniambia mtaondoa matanga baada ya Pasaka. Nitakuja. Kama hutaki nilale nyumbani, nitaomba parokiani mkeka. Sitasimama mbele ya wanaume siku hiyo, wala sitavaa kofia ya Baba ya kazi, mpe yeyote mnayeona anastahili. Nitakata kuni, nitachota maji, nitaosha masufuria pamoja na wanawake. Ukitaka kunigombeza mbele ya watu wote, nigombeze, nitakaa kimya mpaka umalize.

Nisalimie Shemeji Kisimba, mume wako, ambaye ndiye peke yake aliyeendelea kupokea simu yangu, mwambie sitausahau wema huo. Nisalimie Mama mdogo Numbi, mdogo wake marehemu Mama, aendelee kuniombea hata kama amekasirika. Nisalimie mwanao Aimée, niliambiwa ndiye aliyesoma zaburi kaburini na sauti haikutetemeka. Mwambie mjomba wake anaona fahari, na anaona haya kumwambia mwenyewe.

Nawe Yaya, radhi sikuombi leo. Naona ni mapema, na pengine siku yake haipo. Nakuomba kitu kimoja. Mama Aline atakaa Kabalo siku tatu. Kama huwezi kuniandikia, mwambie kwa mdomo tu kaburi la Baba liko upande gani wa makaburi, safu ya ngapi, na kichwa chake kimeelekea wapi. Au mpeleke akaone, aje anieleze. Sitaki kushuka kwenye treni, katika mji tuliozaliwa sote wawili, nikamsimamisha mtu njiani kumuuliza Baba yangu amelala wapi.

Ni mimi mdogo wako,
Banza